Marehemu wa Saa Nne

*Uongozi wa Karakana ya Husseinali na Wanawe, Chang'ombe, unawatangazia wafanyakazi wote kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, birika la chai lililokuwa likikaa juu ya meza ya mbao katikati ya karakana litahamishiwa kwenye rafu iliyo karibu na bomba la nje. Kila mfanyakazi atajimiminia mwenyewe, kwa zamu, na kunywea mahali pake pa kazi. Meza ya mbao itaondolewa. Wote mnaombwa kutoa ushirikiano.*

Tangazo lilichapwa, likapigwa muhuri, likabandikwa juu ya swichi kuu ya umeme, mahali ambapo kwa kawaida zilibandikwa habari za misiba na za sikukuu. Wafanyakazi walilisoma wakiwa wamesimama, kwa utulivu wa watu wasomao habari za mji mwingine.

"Kwa hiyo birika limepewa uhamisho," alisema Tunu, aliyekuwa akitia pini kwenye bawaba. "Lilikosa nini?"

"Halikukosa," alijibu Mzee Gaspar, msimamizi. "Limepandishwa cheo. Litakaa karibu na maji."

Rabab binti Husseinali, aliyelitia saini tangazo hilo, aliyasikia maneno hayo kupitia dirisha la ofisi na hakuyajali. Hakuwa na nafasi ya kujali utani. Baba yake alipofariki, mirathi iligawanywa kwa sheria ya dini, na fungu la mdogo wake Zaheer likawa mara mbili ya lake. Zaheer aliishi Mbezi Beach, aliuza bawaba zilizoletwa kwa kontena, na alikuwa na hoja moja ambayo dada yake hakuwahi kuijibu sawasawa: kwamba bawaba iliyotengenezwa ng'ambo, ikasafirishwa kwa meli na kutozwa ushuru, bado iliingia dukani kwa bei ya chini kuliko ile iliyotengenezwa Chang'ombe na kupelekwa Kariakoo kwa bajaji.

"Dada, mie sina chuki na karakana," alizoea kusema. "Naipenda sana. Naipenda ikiwa godauni."

Walikubaliana mbele ya mama yao, Bi Khatun, ambaye alisikiliza kwa makini na kuwaonya wasigombane wakati wa chakula. Rabab akipata mkataba wa kudumu wa kuuza bawaba kwa kiwanda kipya cha milango kabla ya mwaka kwisha, karakana itabaki kama ilivyo. Asipoupata, mashine zitauzwa na jengo litapokea makontena ya Zaheer. Watu waliokuwa wakila kutokana na mashine hizo hawakuhudhuria kikao.

Kiwanda cha milango kilikuwa kimejengwa na kampuni ya kigeni kando ya Barabara ya Kilwa, kupita Mbagala. Siku ya uzinduzi wasemaji kadhaa, mmoja baada ya mwingine, walieleza kwamba mtaji wa nje hauji peke yake. Huja na maarifa; na maarifa yakishafika huenea yenyewe kwa viwanda vya wazawa, kama joto linavyotoka kwenye pasi na kuingia kwenye shati. Rabab alikuwa amekaa safu ya nyuma, akapiga makofi pamoja na wengine. Baadaye, njiani, ndipo alipojiuliza ni nani hasa atakayeshika pasi.

Jibu lilielekea kuwa ni Sekela. Huyu alikuwa ofisa ununuzi wa kiwanda, mwanamke mwenye asili ya Mbeya, mpole wa sauti na mkali wa macho, na kazi yake ilikuwa kukagua karakana zilizoomba kuwa wauzaji. Alifika Chang'ombe asubuhi moja, kabla birika halijapewa uhamisho, na kwa bahati ambayo Rabab aliilaani kwa majuma, alifika saa nne kamili.

Saa nne ilikuwa saa ya chai, na katika karakana ya Husseinali chai ilikuwa na taratibu zake. Mashine zilizimwa. Watu wote walikaa kuizunguka meza ya mbao. Kando ya birika iliwekwa bawaba iliyoharibika siku hiyo, imelazwa juu ya kitambaa cheupe cha kufutia mafuta. Iliitwa marehemu.

"Jamani, tuna msiba," Tunu alitangaza, bila kumwona mgeni mlangoni.

"Poleni," wote wakaitikia.

"Poleni nyie. Marehemu wa Fredrick."

"Tena? Huyu braza anamaliza ukoo."

"Kafa na nini?" aliuliza Mzee Gaspar. Swali hilo lilikuwa lake siku zote.

Fredrick, fundi wa mashine ya kutoboa, alitazama kikombe chake kitupu. "Tundu limekwenda pembeni."

"Limekwendaje? Limepanda bodaboda?"

"Bamba limeteleza. Kile kibanio cha kushoto kimelegea tokea jana."

"Tokea jana!" Tunu alisema. "Na ulikuwa unangoja nini, tuje na sanda?"

Mzee Gaspar alikuwa amekwisha kuinuka kutafuta spana. Fredrick, kama mfiwa, alishika birika akawamiminia wote, akampa kikombe na mgeni aliyekuwa anacheka hadi kujifuta machozi, na yeye mwenyewe akanywa wa mwisho, chai imekwisha kupoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yote.

Sekela aliuliza maswali mengi. Nani aliyeanzisha? Na siku ambayo hakuna kilichoharibika?

"Siku hiyo Mzee Gaspar ndiye anamimina," Tunu alimweleza. "Maana lazima kuna kitu hajakiona."

Rabab alisimama nyuma yao, uso umemwiva. Alikuwa amekulia katika nyumba ambamo kwa siku za maombolezo ya Muharramu hakuna anayecheka, na mzaha wa matanga hakuwahi kuuzoea hata ulipokuwa ukifanyika mbele ya baba yake. Sasa ulifanyika mbele ya ofisa ununuzi. Alichokiona ni watu wake wakicheza kilio saa za kazi, na mkataba ukitoka mlangoni pamoja na mvuke wa chai.

Haukutoka. Majuma machache baadaye alialikwa kukitembelea kiwanda, akaenda na Mzee Gaspar. Walioneshwa sakafu yenye mistari ya manjano, na watu waliotembea ndani ya mistari hiyo. Walioneshwa masanduku mekundu yenye mifuniko, moja kwa kila mashine, ambamo kitu chenye kasoro kilitumbukizwa bila mtu kuulizwa jina lake. Hapakuwa na birika. Hapakuwa na sauti ya mtu. Mwishoni walikabidhiwa oda ya majaribio. Ikipokelewa, mkataba wa kudumu ungefuata.

"Umepaonaje, Mzee Gaspar?" Rabab aliuliza walipokuwa wakirudi.

"Pasafi."

"Na kingine?"

"Watu wamenyamaza."

"Ndiyo nidhamu yenyewe hiyo."

"Inawezekana," alisema Mzee Gaspar. "Hata mie nyumbani nikiona watoto wamenyamaza, huwa naenda kuangalia wamevunja nini."

Rabab alilichukulia jibu hilo kuwa la mtu aliyekaribia kustaafu. Alikuwa amesoma kiasi cha kujua kwamba makampuni ya kigeni huyapita ya wenyeji kwa tija, na kwamba la mwenyeji ni kujifunza. Ila vitabu alivyosoma havikueleza mtu atajuaje, akiwa mgeni wa nusu siku, ni kipi kati ya vyote anavyoviona ndicho kinacholeta hiyo tija. Kwa hiyo alichukua vilivyoonekana. Alipaka mistari ya manjano. Alinunua masanduku mekundu. Kisha akabandika tangazo la birika.

Ni lazima isemwe kwamba mambo yalikwenda vizuri. Saa ya chai ilipovunjwa vipande, mashine hazikusimama tena kwa pamoja, na bawaba zilizotoka kwa siku ziliongezeka. Rabab alichora mstari uliopanda, akautundika ofisini. Zaheer alikuja, akautazama, akakiri kwamba unapanda.

Fredrick aliacha kazi mwezi huohuo. Kiwanda cha milango kilikuwa kinatafuta mafundi wa mashine za kutoboa, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Wenzake walimuaga kwa zamu, kila mmoja akiwa mahali pake pa kazi.

Kisha Rabab akabadili bamba la chuma. Muuzaji mpya alikuwa na bei rahisi kidogo kuliko yule wa zamani, na bawaba za oda ya majaribio zilihitaji bamba jingi. Bamba jipya lilikuwa gumu. Likikunjwa kuizunguka pini, lilijikunjua kidogo, kiasi cha unywele. Na pini, badala ya kukaa, ikacheza. Fundi wa kukunja aliliona hilo siku ya kwanza. Tunu aliliona siku ya pili. Mzee Gaspar aliliona akiwa amesimama mbali. Kila mmoja aliitumbukiza iliyomharibikia katika sanduku jekundu na kufunga mfuniko, kwa kuwa ndivyo ilivyoagizwa, na zile ambazo hazikucheza sana zilipita. Kusema kungehitaji mtu atoke mahali pake, avuke mistari ya manjano, agonge mlango wa ofisi na kumwambia mwenye mali kwamba amenunua vibaya. Watu wenye familia hawafanyi hivyo siku ya kazi. Palikuwa na meza moja tu ambapo jambo kama hilo liliwezekana, na meza hiyo sasa ilikuwa uani, imewekewa makopo ya rangi.

Mtu pekee aliyekuwa na picha kamili ya hali ya karakana alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekuja na mkokoteni kuyamwaga masanduku.

"Mama, Mungu akuzidishie," alimwambia Rabab Jumamosi moja, kwa dhati kabisa. "Siku hizi mzigo wenu umenona."

Rabab akamshukuru.

Oda ya majaribio ilirudishwa yote. Sekela hakuandika barua ya kukemea. Alipiga simu, akaomba Rabab afike aone mwenyewe. Rabab akafika. Alioneshwa safu ya milango mipya imesimamishwa kwenye fremu, kila mmoja umeinamisha kona yake ya chini kwa unyenyekevu, kama watu walioitwa kutoa maelezo.

"Pini zinacheza," Sekela alisema. "Hamkuona?"

Kabla Rabab hajajibu, kengele ililia. Ilikuwa saa nne. Mashine zilizimwa, moja baada ya nyingine, na wafanyakazi wakatoka ndani ya mistari yao wakaenda kuizunguka meza ya chuma iliyong'aa. Juu ya meza palikuwa na birika kubwa. Kando ya birika, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na kitasa.

"Tuna msiba," alisema mtu fulani.

"Poleni."

"Kafa na nini?"

Aliyeuliza alikuwa Fredrick. Alikuwa amevaa ovaroli yenye nembo na kofia ya rangi ya wasimamizi. Alipomwona Rabab alisita, kisha akaja kumsalimu kwa heshima ileile ya zamani, akamletea kikombe.

Meneja mkuu, mtu wa kutoka nje, alieleza kupitia kwa Sekela kwamba huu uliitwa Utaratibu wa Kasoro Wazi. Kampuni iliupata hapa hapa nchini, kwa mzalishaji mdogo. Ikaufanyia utafiti, ikauandalia mwongozo, na sasa ulikuwa umeanza kutumika hata katika viwanda vyake vya nchi nyingine. Tija ilikuwa imepanda. Masanduku mekundu yaliachwa. Yalionekana kuwafundisha watu kuficha. Rabab aliyatazama kupitia dirisha, yamerundikwa nje yakingoja mkokoteni. Yalikuwa sawasawa na ya kwake.

"Chai hii ni yetu," alimwambia Sekela walipobaki wawili.

"Najua, dada. Si nilikunywa chai pale? Niliiandikia ripoti, na ripoti ilipendwa mno."

"Basi sisi tunayo tayari. Sisi ndio wenyewe."

"Mnayo?" Sekela aliuliza, bila kejeli yoyote.

Rabab alifikiria rafu iliyo karibu na bomba.

"Mzigo mwingine tutaupima, nakuahidi," Sekela aliendelea. "Lakini kuna sharti jipya kwa wauzaji wote. Lazima wawe na cheti cha Utaratibu wa Kasoro Wazi. Kinatolewa na chuo kilichoteuliwa, baada ya mafunzo."

"Mafunzo yanaanza lini?"

"Mwakani."

Kesho yake, kabla ya saa nne, Rabab mwenyewe aliyatoa makopo ya rangi, na Mzee Gaspar akamsaidia kuiingiza meza ndani. Hapakubandikwa tangazo. Aliweka birika, akatandika kitambaa, akalaza juu yake bawaba mojawapo ya zile zilizorudishwa. Mashine zikazimwa. Watu walikaa, lakini walikaa kama watu walioitwa kuambiwa habari mbaya, na kila mmoja alikuwa amekuja na kikombe chake kimejaa tayari kutoka rafuni.

"Jamani," Rabab alisema. "Tuna msiba."

Wakatazama vikombe vyao. Walikuwa wamezoea masanduku.

"Poleni," Tunu alisema hatimaye, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani.

"Marehemu ni wangu."

Mzee Gaspar aliitazama bawaba, kisha akamtazama binti wa tajiri yake aliyemjua tangu anavaa sare za shule. "Kafa na nini?"

"Kafa na bamba. Nililinunua mimi, kwa kuwa lilikuwa rahisi, na sikumuuliza mtu."

Kisha fundi wa kukunja alisema, bila kumtazama mtu, kwamba bamba hilo ni gumu. Tunu akasema hilo alilijua tokea siku ya pili. Wa kwanza akasema yeye tokea ya kwanza. Wakaanza kubishana nani aliyejua mapema zaidi, na kwa kuwa ubishi huo ulikuwa wa fahari, katika dakika chache Rabab alikwisha kuambiwa kila kitu ambacho kwa miezi kilikuwa kikienda Jumamosi kwa mkokoteni.

"Baba yako naye aliwahi kushika birika hapa," Mzee Gaspar alisema. "Mwaka ule alipotuletea chuma cha ndoo akidhani ni cha bawaba."

"Alimimina vizuri?" Rabab aliuliza.

"Aliunguza watu wawili."

"Dada Rabab, kwangu sukari mbili," Tunu alisema, akamwaga chai yake ya rafuni sakafuni ili kikombe kiwe kitupu. "Na polepole. Wengine sie bado tunayahitaji haya mapaja."

Rabab aliwamiminia wote, akanywa wa mwisho. Chai ilikuwa imepoa.

Walirudi kwa muuzaji wa bamba wa zamani. Bawaba zilizotoka kwa siku zilipungua kidogo, na mstari uliotundikwa ofisini ukainama; lakini sanduku jekundu lilikaa tupu, na mnunuzi wa vyuma chakavu aliuliza kwa wasiwasi kama kuna mtu aliyemsema vibaya. Sekela aliupokea mzigo mpya, akaupima. Milango ilisimama wima. Alisema wazi kwamba hajapata bora kuliko huo, na kwamba bila cheti hawezi kuusainia mkataba.

Zaheer alikuja siku moja saa nne akiwa na futi ya kupimia. Alipima kutoka ukuta hadi ukuta, akaandika, kisha akapewa kikombe. Marehemu wa siku hiyo alikuwa wa Tunu.

"Bawaba nzuri," alisema, akiichezesha moja mkononi. "Kwa kweli nzuri kuliko zangu. Sijakataa, dada. Mkataba uko wapi?"

Hapo ndipo Rabab alipokwenda mbele ya Kamati ya Kuunganisha Wawekezaji na Wazalishaji Wadogo, iliyokaa Temeke katika ukumbi wenye viti vingi kuliko watu. Ombi lake lilikuwa jepesi: kwa kuwa utaratibu unaotakiwa ulitoka kwake, kamati imthibitishe kwamba anao, ili kiwanda kiupokee uthibitisho huo badala ya cheti, kabla ya mwaka kwisha. Sekela alisimama akaeleza ukweli wote, hata ule usiompendeza mwajiri wake. Mzee Gaspar alieleza jinsi birika linavyoshikwa. Wajumbe walisikiliza kwa hamu. Mmoja aliuliza birika lina ujazo gani. Mwingine aliuliza kama ni kweli kwamba maji ya moto hukaa katikati ya mashine, akainakili habari hiyo kwa kalamu nyekundu.

"Naomba nielewe jambo moja tu," Rabab alisema mwishoni. "Naweza kupeleka mzigo, au siwezi?"

"Tumekupata vizuri sana, mama," mwenyekiti alijibu. "Maamuzi yatasomwa baada ya mapumziko."

Wakati wa mapumziko walipewa chai. Kila mmoja alijimiminia mwenyewe. Kisha wakarejea ukumbini, katibu akasimama, akasoma:

*Kamati, baada ya kuzisikiliza pande zote, imeazimia kama ifuatavyo. Kwamba mwekezaji apongezwe kwa kueneza maarifa ya kisasa katika viwanda vya wazawa. Kwamba Karakana ya Husseinali na Wanawe itambuliwe rasmi kuwa mahali ulipoanzia Utaratibu wa Kasoro Wazi, na ipewe kibao cha kutundika ukutani. Kwamba kutambuliwa huko kusihesabiwe kuwa cheti. Kwamba suala la mkataba lirejeshwe kwa wahusika ili walijadili kwa moyo wa ushirikiano, na taarifa iwasilishwe katika kikao cha robo ya kwanza ya mwaka ujao. Na kwamba, kwa kuzingatia usalama mahali pa kazi, birika la chai liondolewe katikati ya karakana na kuhamishiwa kwenye rafu iliyo karibu na bomba la nje.*